Kikapu cha Ushuhuda

Yaya, dada yangu mkubwa,

Sasa hivi mtoto amesimama peke yake. Alishika bidoni ya maji, akaachilia mkono mmoja, akaachilia na wa pili, akaniangalia kama mtu anayengoja asifiwe, halafu akaangukia matako na kucheka. Mimi hata makofi sikupiga. Nilimwangalia tu. Jina lako yeye ndiye analo sasa, Nabintu, na wakati mwingine nikimwita naona kama ninakuita wewe.

Dawa inanichosha. Unajua mwenyewe ile kuchoka, kama mtu amekufunika blanketi lenye maji. Ndiyo, Yaya. Hata mimi.

Ilianza baada ya kuzaa. Usingizi ulikataa. Nilikuwa namnyonyesha na kuona ni mtoto wa mtu mwingine, mwenyewe yuko njiani kumchukua. Kisha nikawa nasikia mtu ananiita kutoka kwenye mahindi, mchana kabisa, nikienda hakuna mtu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeona yaliyokupata wewe. Ni Safari, baba wa mtoto, aliyenikuta nimekaa kwenye jua kali, mtoto analia pembeni. Alisema, "Kesho tunaenda hospitali Mbarara, hata kama ni kwa miguu." Hakuuliza ruhusa kwa mtu.

Muuguzi ni yule yule wako, yule Muislamu wa Kakiika anayefunga kitambaa kichwani. Aliponiona akasema, "Wewe dada ya Nabintu? Yeye iko wapi?" Nikamwambia tumekuzika. Akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Kisha akasema, "Hii mwezi mimi nafunga. Lakini wewe hapana funga. Chai kunywa, dawa kula, halafu omba. Yote pamoja."

Sasa nalala. Kwenye mahindi kumenyamaza. Ninajua mtoto ni wangu.

Na hapo ndipo taabu inaanza, kwa sababu kanisani kwetu mtu akipona lazima ashuhudie. Unasimama mbele, unasema Bwana alivyokutendea, na dawa zako unaziweka kwenye kile kikapu cha majani, ili shetani aone hazina kazi tena. Mama Esperance wa chumba cha maombi amenipangia leo. Aliniambia, "Mutoto wangu, Bwana amekufanyia. Usimuibie sifa yake." Wakati anasema hivyo, mikono yake ilikuwa inamwogesha mtoto wangu. Siwezi kumchukia, Yaya. Nilipokuwa siwezi kunyanyuka, ni yeye aliyekuwa analeta uji. Na ni yeye aliyekuvika nguo yako ya mwisho.

Wewe uliviweka vidonge vyako. Ulivaa kitenge cha njano, ukacheza mpaka kiatu kikakutoka, na kanisa lote likaimba. Furaha ile ilikuwa ya kweli, sitaki mtu aniambie vingine. Na mwanzoni ulikuwa mzima. Ulipepeta maharagwe ukinicheka ninavyosoma Biblia: "Unasoma sawa na mutu anapanda mulima na muzigo ya makaa."

Kisha zile sauti zikarudi. Ulipokuwa unameza dawa uliwahi kuniambia, "Ziko, lakini zinaongea sawa na bantu ba jirani, ukuta katikati." Mara hii ukuta haukuwepo. Watu wa chumba cha maombi wakakufungisha saumu, bila chakula wala maji, na ukakubali kwa sababu ulimpenda Mungu. Asubuhi ile ya mvua ukasema mama amefika Kabazana, pale kambini wanapopokea wakimbizi, yuko kwenye mstari wa wageni wapya na hana mtu wa kumpokea. Mama tuliyemzika sisi wenyewe kule nyumbani Walungu, kabla ya kukimbia. Ukatoka tungali tumelala, tumbo tupu, ukaenda kumpokea. Watu walikukuta kando ya barabara wakakuleta nyumbani. Hukuongea tena.

Kaburini walisema imani yako ilipunguka katikati. Neno hilo linanichosha kuliko dawa. Wewe ambaye ulifunga bila hata tone la maji. Yaya, imani ulikuwa nayo nyingi kuliko sisi wote. Kilichokwisha ni vidonge.

Safari anasema tuhamie kanisa lingine, hata kule kambi ya Oruchinga, yaishe. Sitaki. Hapa ndipo ninapoimba nikasikia moyo umetulia. Hapa ndipo wanajua ulikuwa nani. Tena kuna binti mmoja anayekaa benchi ya nyuma na akina mama, mwembamba, ameanza kuongea peke yake. Tulikutana naye hospitali kule Mbarara, kila mmoja akajifanya hajamwona mwenzake. Vidonge vyake anavifunga kwenye pindo la kitenge. Tangu itangazwe kwamba nitashuhudia, ananiangalia. Najua anangoja aone mimi nitafanya nini, naye afanye vile vile.

Ninaogopa. Nisipoziacha dawa kikapuni nitapoteza uji, na watu wa kunishikia mtoto, labda na salamu njiani. Lakini naona pia watu hawa si wabaya, hawajapata tu mtu wao wenyewe wa kuwaambia. Labda wakisikia kutoka kwangu itaingia. Mmoja tu ikimwingia, nitalala vizuri.

Basi pumzika, Yaya. Hakuna anayekungoja kwenye mstari, mama mko naye. Nakuahidi mtoto huyu atakua akijua kwamba ulikuwa mtu wa Mungu na ulikuwa mgonjwa, vyote viwili, na hakuna cha kuonea haya.

Mama Esperance amefika mlangoni. "Mama Nabintu, toka, banakungojea, wimbo umeanza." Nimemwambia nakuja. Nitasimama, nitamshukuru Mungu kwa sauti, kikapu nitakipita, na nitawaambia nimepona na asubuhi hii nimemeza, na kesho nitameza, na yule binti wa nyuma nitamwangalia yeye, asikie vizuri kwamba vidonge vyake avimeze, na Mungu bado ni wake.