Magunia Niliyoyasogeza Mimi

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Dada,

Hujambo huko? Kikohozi kimekuachia, au bado unajifanya daktari? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila mdomo hauna ugonjwa. Kila siku anauliza utarudi lini. Binti yako anavaa viatu vyangu bila kuomba, basi ujue amekua.

Sasa ya kazini. Unajua mifuko yetu ya miche, ile inayooza ardhini, tunaitengeneza kwa plastiki maalumu na wanga wa muhogo. Hivyo viwili havipatani, vinakaa pamoja shingo upande tu, ndiyo maana tunatia dawa ya kuvishikisha. Vikombe viwili kwa gunia, mfuko unakuwa imara. Anayepima ni shemeji, mumeo.

Mwezi uliopita mifuko ikaanza kuchanika kama karatasi iliyolowa. Mteja akarudisha mzigo wote. Shemeji akasema ameongeza dawa na bado hali ni ileile.

Najua amekuambia alisimamishwa kazi wiki tatu. Hajakuambia kwa nini. Mimi ndiye niliyekwenda kwa meneja nikasema anapunja dawa. Sikuwa nimeona kitu. Nilisema tu kwa kiburi cha kushika funguo za stoo, nikaaminiwa.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Nilipopanga stoo nilisogeza magunia ya wanga hadi kwenye ukuta wa chumba cha kuoshea, nipate njia ya toroli. Wanga ukavuta unyevu. Dawa ile ikikuta maji inashikana na maji, na wanga na plastiki vinabaki kila kimoja kivyake. Fundi wa maabara alitia mkono kwenye gunia, akautoa na mabonge. Nilitamani ardhi inimeze.

Tulikausha wanga kwenye tanuri kutwa nzima, tukatia vikombe vilevile viwili. Mfuko niliuvuta kwa nguvu zangu zote, haukuchanika. Nikaenda kwa meneja nikasema yote. Nimepewa barua ya onyo, ni haki yangu.

Shemeji alirudi Alhamisi. Nilimwomba radhi pale kwenye mashine, mbele ya wenzake. Aliendelea kupima, kisha akasema, "Yamekwisha. Ila dada yako usimwambie. Mtagombana, naye yuko mbali."

Nimeshindwa kumtii. Wiki zile tatu alipita hapa kila jioni kuona kama tuna maji, akiniita shemeji kama kawaida, nami namfungulia mlango. Naona aibu, Dada. Ukikasirika, nikasirikie mimi.

Mama anakusalimu, na shangazi pia. Nisalimie yule mshonaji unayeishi naye. Mungu akutunze, akurudishe ukiwa na afya.

Shemeji hajui kama nimekuandikia. Nakuomba umpigie simu, umuulize habari za kazi, na umwache akufiche.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Funguo