Pembe Moja Juu ya Maji

Nyumbani kwa Dladla,
Msinga.
23 Agosti 1998

Mpendwa mdogo wangu Bhekisisa,

Nakusalimu kwa heshima ya nyumba yetu. Natumaini u mzima, na kwamba baridi ya Johannesburg haijakirudia kifua chako. Nonhle na watoto hawajambo? Sisi tunaendelea vizuri. Mama magoti humsumbua asubuhi, lakini jua likipanda hutembea. Naomba uisome barua hii kwa sauti mbele ya ndugu zetu unaokutana nao kila Jumapili, kwa maana nao waliisikia redio kama tulivyoisikia sisi.

Jumamosi iliyopita tuliirudisha roho ya Baba nyumbani. Mwaka umetimia tangu alipozikwa, na ng'ombe wake alikuwa tayari zizini. Unajua, kwa kuwa ulilelewa humu, kwamba mzee haji kwa kuitwa jina tupu. Huja kwa kusikia sifa zake, shairi lililo lake peke yake. Nawe shairi hilo ulikuwa umeshampa mtu mwingine.

Tulikuwa tukiandaa pombe ya mtama redio ilipotangaza duka jipya la makochi la mwajiri wako. Kisha ikaja sauti yako ikimsifu mwenye duka. Jirani yetu MaKhoza akaacha kukoroga.

"Jamani, si sifa za mzee wa hapa hizo? Au kafufuka, siku hizi anauza makochi?"

Tulicheka, maana MaKhoza huchekesha hata msibani. Mama hakucheka. Alisema tu, "Zimeni," akaingia ndani, na siku ile hakula.

Wanafunzi wangu huniuliza shairi hupata wapi nguvu ya kumliza mtu ambaye hakumjua anayesifiwa. Huwajibu kwamba taswira hukileta kitu mbele ya macho, na toni ya msemaji huuonyesha moyo mahali pa kusimama ili ukitazame. Sikudhani ningelazimika kukufundisha somo hilo wewe, uliyelinyonya pamoja na maziwa.

Fahali wa madoa aliyeingia mto Thukela umefura,
pembe moja juu ya maji.

Pembe ile ni mkono wa Baba, Bhekisisa. Juu ya mkono ule ulikuwa wewe, mtoto mchanga unayewaka homa, na zahanati ilikuwa ng'ambo. Waliobaki ukingoni waliona mkono tu. Kichwa kilikuwa kimezama. Kwa hiyo wasemaji wetu, ambao hulikimbiza shairi zima bila kuvuta pumzi, hufika hapo wakashusha sauti mpaka karibu na kimya. Yeyote asikiaye hurudishwa ukingoni, asijue kama mtu yule ataibuka.

Wewe ulipafokea. Ukapigiwa ngoma na makofi, fahali akawa mwenye duka, na mto ukawa sijui mto gani wa biashara. Maneno hukubadili hata moja, na hilo ndilo lililotuuma. Adui angeweza kutuibia shairi, lakini asingejua mstari upi ni mtamu. Wewe ulijua.

Basi Jumamosi Baba Mdogo Velaphi alisimama zizini, akaanza vizuri, akafika kwenye mstari wa mto, akanyamaza. Tulidhani amesahau.

"Hapa nisemeje?" akauliza. "Nikiita kwa pembe hii, si atakuja yule wa makochi?"

"Akija, alete na kiti!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, na vijana wakaangua kicheko.

Kicheko kilikwisha. Ng'ombe alisimama. Mwaka mzima wa kungoja ulisimama. Kama sifa zile zimechakaa mdomoni mwako, Baba angebaki huko nje, mgeni asiyeitwa.

Ndipo Mama aliposema kutoka upande wa wanawake. Hakupaza sauti. Alitumia ile ile aliyokuwa akituitia chakula jioni tulipokuwa wadogo:

Pembe moja juu ya maji,
na kifaranga juu yake adhani anaruka.

Baba Mdogo akainamisha kichwa, akarudia mistari yote miwili, wa zamani na huo mpya, taratibu, kisha akaendelea hadi mwisho. Ng'ombe akalia. Wazee wakasema Baba ameingia. MaKhoza alilia kuliko sisi wenye mzee.

Mama angekutukana, ungepata la kujibu. Alikuita kifaranga kwa upole, na sauti ile imeshikamana na mstari. Unajua desturi yetu: sifa za mtu hubeba na aibu zake, na mstari ukishasemwa mbele ya ng'ombe hauondolewi. Kila Baba atakapoitwa, nawe utatajwa, katika toni ya mama anayemngoja mwanawe aje kula.

Baba Mdogo anakusalimu. MaKhoza anauliza bei ya makochi. Wabusu Nonhle na watoto kwa niaba yangu. Wazee wa nyumba hii wakulinde njiani, siku utakayoamua kushika njia.

Dada yako, ambaye hajaacha kukupenda hata baada ya redio ile,
Hlengiwe

Mama hakunituma nikwambie lolote. Lakini sahani yako ameitoa kabatini.