Kibla ya Chumba cha Tottenham

Mpendwa wangu Seif,

Ndugu yako Mbarak amekufa. Nimeona nikuambie mimi, ingawa huko uliko huenda umeshampokea, na kama umeshampokea basi unajua mengi kuliko mimi. Tumemzika juzi. Nasema tumemzika kwa sababu nilikwenda, na usinicheke, nilivaa lile koti langu zuri. Nilitaka kumwona akifukiwa kwa macho yangu mwenyewe.

Tangu juzi unanijia kila nikikaa. Idi ile tuliyokutana, unaikumbuka? Tulikodi ukumbi wa kanisa hapa London, watu wa Unguja wote tuliotawanywa na Mapinduzi tukajazana humo, makoti ya mitumba juu ya kanzu. Ulipotoka ukakuta viatu vyako vimeibwa. Mwingine angetukana. Wewe ulisimama pale mlangoni na soksi zako, ukasema afadhali, sasa roho imetulia, kumbe niko kwetu, viatu huibwa kila Idi. Nilikupa ndara zangu za kutilia udhu, ukapanda nazo basi katika baridi ile, nami nikakusindikiza hadi Tottenham, mahali ambapo sikuwa na shughuli napo hata kidogo. Ndara hizo hukunirudishia mpaka leo.

Tulipoamua kuishi pamoja, mwenye nyumba, Muhindi wa Kisumu aliyekuwa na duka pale chini, tulimwambia sisi ni watoto wa ami. Akafurahi, akatupa chumba chenye vitanda viwili. Tukakinunulia kitanda cha pili godoro ili mambo yaonekane sawa, na kila asubuhi mmoja wetu alizivuruga shuka zake kwa mkono kabla hatujaenda kazini, wewe kwenye mabasi yako, mimi jikoni hospitalini. Wewe ulikuwa unavuruga kupita kiasi. Nikikuambia binadamu halali namna hiyo, labda awe amepigana na jini, unazidi kuvuruga. Nilikuwa na furaha, Seif. Nimeishi sana baada yako na furaha ile sijaiona tena.

Kisha akaja Mbarak, kaka yako mkubwa, aliyekulea baada ya baba yenu kuuawa kwenye Mapinduzi. Alitoka Unguja moja kwa moja, na alikuja na jambo moja tu: akuchukue muende Maskati, ukamuoe binti wa shangazi yenu. Tukampa kitanda cha pili. Asubuhi ya kwanza akauliza jua linachomoza upande gani, akaliweka mkono wake wa kulia, akalikabili dirisha na kuswali. Kwetu ndivyo, kibla iko kaskazini, hakuna mtoto asiyejua. Ukamwambia kwa adabu kwamba hapa London tuko juu ya Maka, sio chini yake, kwa hiyo kibla ni kusini-mashariki, kule kwenye kabati. Alikunja mswala wake taratibu sana.

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha mimi kibla?"

Aliendelea kuswali akielekea dirishani mpaka alipoondoka.

Lililotuponza ni godoro. Tulisahau kulivua nailoni yake ya dukani, kwa kuwa hakuna aliyepata kulilalia, na kila Mbarak alipojigeuza lilimpigia kelele. Asubuhi alifunua shuka, akaiona ile nailoni, akatutazama mmoja mmoja. Jumamosi akaaga kwamba anakwenda Portsmouth kwa jamaa.

Jumatatu mchana nilirudi kutoka kazini nikakukuta sakafuni. Droo zimemwagwa, redio haipo, shingoni mwako alama za vidole. Inspekta aliyekuja, mtu mpole, akasema ni mwizi, mtaa ule wezi walikuwa hawaishi. Lakini mimi nilikuwa nimekuona kabla yake. Macho yako yalikuwa yamefumbwa. Kidevu chako kilifungwa kitambaa hadi utosini, kama anavyofungwa maiti kwetu. Umelazwa ubavu wa kulia, shuka mpaka kifuani. Mwizi gani wa London humnyonga mtu halafu akamtengeneza hivyo? Nikajua aliyeingia ni mtu wetu.

Ndipo nikatazama uso wako unaelekea wapi. Haukuelekea kabatini. Ulielekea dirishani. Kila mtu wetu wa London aliyepata kuswali katika chumba kile alijua kibla yake, na mmoja tu ndiye aliyekataa kuambiwa. Nilikaa sakafuni karibu yako na kitu kikanikatika humu ndani, na sijui kama kilipata kuunga tena.

Inspekta nilimweleza, naye akaenda Portsmouth. Watu wazima wenye tasbihi mkononi wakamwapia kwamba Mbarak hakutoka kwao tangu Jumamosi. Basi.

Nikabaki na kaburi. Wanaoshuka kumlaza maiti ni jamaa zake, na mimi, kwa kile tulichomdanganya kila mtu, nilikuwa mtoto wa ami yako. Nikashuka pamoja na Mbarak. Yeye alikushika mabegani, mimi miguuni, na tulipokuweka ubavu nilimwambia polepole, wa juu wasisikie: "Safari hii tumlaze sawa. Kule chumbani ulimwelekeza siko."

"Sikujua," akasema.

Mikono yake ilikuwa bado iko juu yako. Halafu akaninyanyulia uso, nikaona amejua amesema nini. Tulikulaza vizuri, Seif, hilo nakuhakikishia, tukapanga mbao na kupanda juu.

Nilikwenda kwa inspekta siku ileile. Akasema neno moja ndani ya kaburi, kwa lugha asiyoijua, si ushahidi. Kisha akaniuliza, kwa upole wake uleule, kwa nini godoro moja lilikuwa na nailoni. Nilimjibu kweli. Sheria yao juu ya wanaume kama sisi ilikuwa imeshabadilika, hawakuweza kunifunga, ila tangu hapo kifo chako hakikuwa na haraka tena kwa mtu yeyote pale kituoni. Mbarak alipanda ndege kwenda Maskati. Alioa, akazaa, akafuga ndevu, akaitwa mzee wa msikiti.

Kumbe mwisho wake ulikuwa hukuhuku. Binti yake Zuhura ni nesi Lewisham, alimleta kutibiwa. Alipofariki, Zuhura akanitafuta hadi Peckham, ninakoishi sasa, akanikuta sokoni nikichagua ndizi za kupika. Ni mtoto mwenye adabu. Ana paji lako la uso. Akaniambia baba yake aliusia asifukiwe mpaka apatikane Haroub aliyekuwa Tottenham, amsamehe.

"Ami, please, sema tu umemsamehe. Mambo ya zamani, mimi sijui hata ni nini."

Nikamwambia ni nini. Sikumficha kitu, na hata neno mpenzi sikulikwepa, palepale mbele ya ndizi. Alilia kimya kimya, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Nilingoja anilaani, hakunilaani.

"Basi sikuombi tena," akasema. "Lakini njoo, Ami. Usikatae kuja."

Nikaenda. Sheikh akauliza, kama inavyoulizwa, nani ana haki yake kwa marehemu, na wote wakaitikia kwa pamoja kwamba wamemsamehe. Zuhura alikuwa nyuma na wanawake, na najua sikio lake lilikuwa kwangu. Mdomo wangu haukufunguka. Nilitia udongo kama wengine, nikapanda basi kurudi nyumbani.

Watu husema chuki humla mwenye nayo. Mimi imenilisha, vinginevyo nisingefika umri huu. Lakini nimechoka, mpenzi wangu, na nimejaribu kumsamehe, Mungu ndiye shahidi, nikashindwa. Sitamsamehe. Ila shingo ilikuwa yako, si yangu, na yeye ni ndugu yako wa tumbo moja. Ndiye aliyekulisha kabla hajala, ndiye aliyekutorosha Unguja ukapona, ulinihadithia wewe mwenyewe huku unalia. Akija kukuomba radhi, huna haja ya kunitazama mimi. Mpe ukitaka kumpa.

Nami siku nitakapokuja, tuzungumze mengine yote. Kama ulimpa radhi au hukumpa, hilo usiniambie.

Pumzika, Seif. Siko mbali.

Mjane wako