Swali la Ireland na Karatasi Tatu Mezani

Kwako Baba yangu, uliyeko Kitale,

Mama ameisoma barua hii kabla yako, na amekubali niache nakala yake wazi huku ili anayetaka kusoma asome. Nilimwambia kwamba hapa International City, huku Uarabuni, tuko wengi ambao familia zetu ni vipande viwili, kimoja huku na kingine nyumbani, na pengine kuna mtoto mwingine mwenye jambo kama langu ambalo hawezi kulisema kwenye simu. Mama akasema, "Sawa, lakini usiniandike kama mtu wa kulialia." Kwa hiyo sitaandika kwamba alilia.

Unakumbuka kile kitabu cha Ireland? Ulikuwa bado msimamizi wa usafi wa vyumba kule hotelini Deira. Ulinieleza desturi ya pale: kitu kilichosahauliwa na mgeni kinawekwa stoo, na miezi ikipita bila mwenyewe kukiulizia, anapewa aliyekiokota. Wenzako walifurahia miwani ya jua na chaja za simu. Wewe ulituletea vitabu. Jioni moja ukaweka mezani kitabu kinene cha historia, jalada limekunjamana kwa maji, ukasema, "Huyu amekaa rumande miezi sita. Hakuna aliyekuja kumlipia dhamana."

Mama akasema, "Unamwongezea kitabu kingine huyu? Ataolewa na kitabu."

"Basi mahari italetwa kwa kurasa," ukajibu. Niliona aibu nikaficha uso, lakini moyoni nilifurahi sana.

Mdogo wangu Baraka alikuwa na miaka saba. Alitaka kujua Ireland iko upande gani wa mtaa wetu, kwa sababu majengo ya huku yamepewa majina ya nchi: sisi tunaishi majengo ya England, na ukitembea kidogo unafika majengo ya Ufaransa, na akili yake ilikuwa imeshaamua kwamba dunia yote iko hapa na ina duka la shawarma chini. Ukamwambia, "Ireland hawakuijenga." Akasikitika kana kwamba watu wake wamekosa nyumba.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimeandikwa pembeni na watu wawili. Mmoja alitumia wino wa buluu, mwingine penseli. Ukawapa majina, Bwana Wino na Bibi Penseli, na kila jioni kabla hujaenda zamu ulisoma maneno yao kwa sauti mbili. Kwa maneno yao tulielewa kwamba Bwana Wino alitaka Ireland ya Kaskazini ibaki na Uingereza, na Bibi Penseli alitaka kisiwa chote kiwe nchi moja tena. Bwana Wino aliandika "Kamwe," na mstari ule ulitoboa karatasi. Chini yake Bibi Penseli akaandika "Subiri." Wakaendelea hivyo sura baada ya sura. Kwenye ukurasa wa mazishi fulani, Bibi Penseli akauliza, "Na mama yako je?" Bwana Wino hakujibu. Tulifungua kurasa nyingi bila kuona wino hata nukta, mpaka nikadhani amekufa. Kisha, karibu na mwisho, tukaukuta wino tena, herufi ndogo: "Labda."

Ukanisogezea kitabu, Baba. Ukasema, "Hebu soma tena." Nikalisoma. Ukaondoa miwani ukaifuta ingawa haikuwa na vumbi. Mimi nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akibadilika, hata kidogo, mahali ambapo ningeweza kuweka kidole.

Halafu Kukhu, mama yako, akaugua. Wewe ni mwanawe wa pekee, ukafunga sanduku dogo, ukasema ni wiki tatu. Sasa ni mwaka na miezi. Hoteli ilimpa mtu mwingine kazi yako, Mama akachukua udhamini wa viza zetu kwa kazi yake ya uuguzi, na Baraka akaanza kumwita arbab, kama watu wa huku wanavyomwita bosi. "Arbab, naomba ruhusa ya kutazama katuni." Mama anamjibu, "Ruhusa imekataliwa, khalas." Tunacheka. Lakini kiti chako hakuna anayekikalia. Hata wageni tunawavutia kingine.

Mwezi uliopita ulipiga simu, tukaiweka mezani kwa sauti kubwa ili wote tusikie. Ulisema, "Mwezi wa saba shule zikifungwa, mje nyumbani wote. Nimeshaongea na mwalimu mkuu wa shule ya wasichana hapa. Kukhu anawaulizia kila asubuhi. Mnataka ama hamtaki?"

Baraka alisema ndiyo. Mama alisema, "Nitakataaje kwangu?" Na mimi nilisema ndiyo kabla hujamaliza swali. Nilisikia ukivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Hiyo pumzi ndiyo imenifanya nishindwe kukwambia tangu siku hiyo.

Wiki iliyofuata tulianza somo la Ireland darasani. Mwalimu wetu wa historia ni mtu wa kaskazini kule, mrefu, ana ngozi inayoungua akivuka tu uwanja wa shule. Siku ya kwanza aliuliza, "Nani hapa anaogopa mitihani? Inua mkono." Hakuna mkono uliopanda. Kisha akatugawia vipande vya karatasi visivyo na majina, akauliza swali lile lile. Alipovifungua, karibu sote tulikuwa tunaogopa. Darasa likacheka, na kila mmoja akawa anamtazama jirani yake kwa namna mpya. Yule kijana wa nyuma, ambaye hucheka wengine wakikosea, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Sasa," mwalimu akasema, "mko tayari kusoma maoni ya watu wa kwetu."

Baba, natamani ungekuwepo. Alituonyesha kwamba kaskazini kule wanaulizwa mara kwa mara kama wangependa kubaki na Uingereza au kuungana na Jamhuri ya Ireland, na kwamba majibu hubadilika kulingana na anayeuliza na namna anavyouliza. Mtu akisimama mlangoni na kalamu, wanaosema wanataka kuungana huwa wachache kuliko pale watu wanapojibu peke yao kwenye kompyuta. Kwa jumla wanaotaka kubaki bado huwa wengi kuliko wanaotaka kuungana, lakini katikati wapo wanaosema hawajui, nao si haba. Upande wa kusini wengi husema ndiyo, wanataka nchi moja. Ukiwauliza tena, je, mko tayari kulipa kodi zaidi, mko tayari kubadilisha bendera na wimbo wa taifa, baadhi ya zile ndiyo huanza kupungua.

Mwalimu alitusimulia kuhusu mama yake. Siku moja alikuja mtu wa utafiti mlangoni kwao, na mama akamwambia kwa upole kwamba hana maoni yoyote. Akafunga mlango. Kisha akamgeukia mwanawe akampa maoni yake kwa saa nzima, chai ikapoa. Mwalimu akauliza, "Sir, kwa nini hukumwambia yule?" Mama akajibu, "Kwa sababu yeye ataondoka. Mimi nitabaki mtaa huu." Samahani, Baba, yeye hakusema "sir" kwa mama yake. Hilo ni letu darasani, limenitoka kwa mazoea, na kwa kuwa naandika kwa kalamu ya wino siwezi kulifuta.

Mtaa ule ni wa watu waliozika ndugu zao kwa karibu miaka thelathini kwa sababu ya swali hili hili. Na makubaliano yaliyomaliza vita yanasema kwamba siku itakapoonekana kuwa huenda wengi wa kaskazini wanataka kuungana, basi wataulizwa rasmi, na kusini nao lazima wakubali. Yule aliyempoteza kaka na yule ambaye watu wake walimpiga risasi kaka huyo, wote watasimama foleni moja, kila mmoja ataingia peke yake, na alama yake itakuwa na uzito sawa na ya mwenzake. Mpaka siku hiyo, serikali mbili zenye majeshi zinasubiri watu waliosema "sijui." Sijui kama kuna jambo kubwa kuliko hilo ambalo binadamu wamewahi kukubaliana. Nilirudi nyumbani kwa basi nikapitiliza kituo chetu.

Jumapili, baada ya chakula, nikamwomba Mama tupige kura. Niliandika swali moja kwenye karatasi tatu: "Je, unataka tuhamie Kitale mwezi wa saba?" Chini yake nikachora visanduku vitatu, Ndiyo, Hapana, Sijui. Nilidhani Mama atanifukuza. Akatazama karatasi, akasema, "Masanduku ya kura yako wapi? Nyumba hii ina Wakenya watatu. Kura zitaibiwa."

Baraka akajiteua tume ya uchaguzi. Akaleta boksi la kornifleksi, akatuonyesha ndani kwamba ni tupu, isipokuwa makombo. Kila mmoja akaingia chumbani peke yake. Mimi nilikaa humo muda mrefu mpaka tume ikagonga mlango ikaniambia vituo vinafungwa.

Baraka alisoma matokeo akiwa amesimama juu ya kochi. "Ndiyo, moja. Sijui, moja. Hapana, moja." Akazigeuza kuangalia nyuma. "Sasa nani ameshinda?"

"Nyamaza kidogo, baba," Mama akamwambia.

"Mimi ni ndiyo. Nataka kuona ng'ombe."

"Kura ni siri, Baraka."

"Siri imeisha, nimeshasema."

Hapo Mama akaichukua ile karatasi ya katikati akailaza mezani, akaipapasa kama anavyonyoosha shuka la mgonjwa. "Hii ni yangu," akasema.

Nikamwambia, "Lakini Mama, umeshaanza kufunga kartoni." Zile za wakala wa mizigo wa Deira, Baba, mbili ziko karibu na friji, moja imejaa blanketi za Kukhu.

"Kufunga ninafunga. Hata asiyejua anaweza kufunga." Akaendelea akitazama meza. "Wodini mgonjwa akizidiwa, wanasema, mwiteni sista. Sista ni mimi. Miaka kumi nimekuwa mtu wa kuitwa. Kitale nitakuwa mke wa mtu na mkamwana wa mtu, na hilo ni jema, lakini sijui kama litanitosha."

Baraka akauliza kwa sauti ndogo, "Humpendi Baba?"

"Nampenda baba yako. Hilo halikuulizwa kwenye karatasi."

Nilimtazama Mama kama nilivyotazama lile neno la wino mwisho wa kitabu. Miaka yote nilikuwa nimeishi naye katika vyumba viwili, nikijua anakunywa chai na sukari ngapi, na sikuwa nimewahi kumuuliza swali moja ambalo angeweza kulijibu kwa namna tatu.

Hakuniuliza mimi nilichoandika. Hesabu ilikuwa wazi hata kwa mtoto. Alinishika bega tu akaenda kuosha vyombo, ingawa ilikuwa zamu yangu.

Ile hapana ni yangu, Baba. Nimebakiza mwaka mmoja wa mitihani, na hapa kuna walimu watatu wanaojua kwamba nikinyamaza sijalala. Ilinichukua miaka minne kuwapata. Naogopa shule mpya yenye mamia ya wasichana wanaojuana. Naogopa kwamba nikija kwa sababu nilisema ndiyo kwenye simu, siku moja nitakukasirikia kwa jambo ambalo hukuwahi kulijua, na wewe utadhani ni kwa sababu ya chumvi ya mboga. Nataka tuwe pamoja. Sitaki mwezi wa saba. Hayo mawili nimejaribu kuyafanya yawe jibu moja nikashindwa.

Halafu Jumatatu, mwalimu akirudia somo, akasema tena kwamba kaskazini peke yake haitoshi, kusini nako ni lazima watu waulizwe. Nikaacha kuandika. Kwa sababu sisi tumejiuliza wenyewe watatu, na wewe hakuna aliyekuuliza. Ulipoondoka, Kukhu alikuwa kitandani na tiketi ilikuwa mkononi, na kila mtu alisema mwana wa pekee lazima aende. Tangu siku hiyo tunapiga simu tunasema, "Baba uko sawa?" nawe unasema, "Niko sawa." Je, unataka kubaki Kitale? Ungependa kurudi? Ulizipenda zile korido za hoteli, au ulizivumilia tu kwa ajili yetu? Nimekuwa binti yako miaka kumi na sita na siwezi kujibu hata moja kati ya hayo kwa niaba yako.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya nne. Rafiki yake Mama anasafiri Ijumaa, atakuletea mkononi. Swali lako ni tofauti kidogo, nimeliandika mara saba: "Kama hakuna ambaye angekulaumu, ungependa tuishi wapi?" Nimekuachia nafasi pana badala ya visanduku. Usinijibu kwenye simu, maana kwenye simu sisi sote ni watu wa ndiyo. Kaa mahali peke yako, hata Kukhu asione, na uchukue siku zote unazotaka. Kartoni zimesimama kwanza. Mama amezifunika kitambaa na sasa tunaweka mikate juu yake.

Mpe Kukhu mikono yangu miwili. Wewe pokea moyo wangu, na ukweli wangu uliochelewa.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
yule aliyeandika hapana.