Mchumba Wangu Hakuonja Pombe Aliyompa Baba Mkubwa

Mpendwa Bi Mgeni,

Shikamoo. Naomba msaada wako na naomba uwe wa haraka, na ukinijibu gazetini usilitaje jina la ukoo wangu maana hapa Kariakoo sisi Wachagga tunajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni kijana wa Kibosho, nina duka la bidhaa Mtaa wa Msimbazi, nina mchumba anaitwa Candida, naye ni wa kwetu hukohuko, anakaa kwa shangazi yake hapa mjini na anasomea uendeshaji wa hoteli na utalii katika chuo kimoja, na matatizo yangu yote, Bi Mgeni, yametoka kwenye hicho chuo.

Aliponiambia amechaguliwa nilifurahi, nikasema atajifunza kupika, na mwanamke akijua kupika hasara iko wapi? Kumbe kupika ni kidogo tu. Wanafundishwa kutandika kitanda cha mtu wasiyemjua, wanafundishwa kumkaribisha Mjerumani kwa Kijerumani chake, wanafundishwa kukunja kitambaa cha mezani mpaka kikae kama ndege, sasa mimi nikajiuliza, ndege wa nini? Siku moja alikuja dukani alasiri ananukia mvinyo, nikamuuliza, akanijibu bila hata kutahayari kwamba lilikuwa somo, eti wanaonja halafu wanatema. Wewe ni mtu mzima, umewahi kuona mtu anatema kinywaji alichopewa bure? Toka siku hiyo nikaanza kumwangalia.

Halafu kila Jumamosi akawa anaenda Mchafukoge, anasema anajisomea na mwenzake wa darasani, msichana wa Kihindi anaitwa Anjana. Nikasema leo nitajua mbivu na mbichi. Nikapanda ngazi za ghorofa lao kwa kisingizio kwamba natafuta majora ya khanga kwa baba yake, Mzee Mansukhlal, ambaye ni mfanyabiashara wa nguo, na nilichokikuta mpaka leo sijakielewa. Mzee mzima kakaa peke yake kwenye meza iliyojaa uma na visu, kavaa miwani ya jua humohumo ndani, Candida anamletea chai, yeye anaonja anafoka, "Baridi hii! Rudisha!" na Candida anainama, "Samahani bwana, nakuletea nyingine sasa hivi," anarudi nayo jikoni huku Anjana amejishika mbavu. Wakaniambia Mzee anaigiza mtalii mkorofi ili wao wafanye mazoezi. Nikacheka nao, nikanywa na chai, lakini moyoni nikasema, Tarsis, hapa unachezewa.

Na lile tabasamu, Bi Mgeni! Zamani Candida akinichekea nilikuwa najua kanichekea mimi. Sasa anamchekea hivyohivyo mchukuzi, konda wa basi, hata yule karani wa ushirika mwenye pua ya kiburi. Nikamuuliza, akasema tabasamu ni sehemu ya kazi, wanafundishwa na wanapewa alama. Kama tabasamu linasomewa na kutolewa alama, nitajuaje lipi ni langu? Tena niliwasikia vijana wa chuo kikuu wanabishana Mnazi Mmoja kwamba utalii ni kumrudisha mkoloni kwa mlango wa nyuma, tumtandikie kitanda tulichomfukuzia, na siku ile nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

Sasa nikueleze jambo lenyewe, na kwa kuwa wewe ni mtu wa Pwani nikufafanulie. Kwetu anayempa mtu mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, huonja kwanza yeye mwenyewe mbele ya macho ya anayepewa, ndipo anamkabidhi kata, yaani kile kibuyu cha kunywea. Hata mtoto mdogo anajua. Maana yake sina kinyongo na wewe na humu hamna kitu. Usipoonja, ni kama umemwambia mtu nenda kafe.

Siku ya posa baba mkubwa Melkiori, ambaye ndiye aliyenilea na ndiye aliyenifungulia duka, alishuka kutoka Moshi kwa basi na mgongo wake mbovu ule, tukaenda na wazee wengine kwa shangazi yake Candida. Tumekaa sebuleni, mimi na baba mkubwa ubavu kwa ubavu, Candida akatoka jikoni kabeba kata mbili juu ya sinia, chini yake kitambaa cheupe, akapita upande wa kulia, akaziweka mbele yetu bila kidole kugusa ukingo, akarudi nyuma hatua moja, mkono mmoja mgongoni, akasema, "Karibuni." Na tabasamu. Hakuonja! Baba mkubwa akasubiri. Candida akasubiri. Sebule nzima ikasubiri. Baba mkubwa akamuuliza polepole, "Mwanangu, hii ni ya kwangu?" Akajibu, "Ndiyo baba, yako peke yako." Yako peke yako, Bi Mgeni! Mzee akaishusha chini, akasema tumbo linamsumbua, akatafuta kofia yake. Yangu nayo sikuigusa. Shangazi alipotoka jikoni tulikuwa tumeshafika mlangoni.

Najua utaniambia watu wa uani walikunywa kutoka kwenye pipa hilohilo mpaka wakaimba na hakuna aliyeumwa hata kichwa. Lakini ya uani ni ya uani, ya kwetu ililetwa kwa sinia. Na si kwamba hajui mila, kazaliwa Kibosho kama mimi. Mvinyo wa Wazungu anauonja, pombe ya baba mkubwa haionji! Baba mkubwa amesema binti aache chuo mara moja, au posa imekufa, na mwisho wa mwezi huu anashuka tena kuchukua jibu. Candida amebakiza mtihani wa mwisho na ameshaahidiwa kazi ya mapokezi katika hoteli ya ufukweni. Amenifuata dukani mara mbili, nikajificha nyuma ya magunia ya chumvi, nikamwambia karani wangu aseme nimesafiri. Nampenda, Bi Mgeni, usingizi siupati. Lakini nitamwoaje mtu ninayemwogopa? Nimwambie aache chuo, au nimwache yeye?

Ni mimi, Tarsis, Msimbazi.

BI MGENI ANAJIBU

Marahaba, Tarsis. Barua yako nimeisoma yote, nikairudia, na sijaona hata mstari mmoja ulipomuuliza binti wa watu kwa nini hakuonja. Umemnusa, umempandia ngazi za ghorofa, umemvizia, umejificha nyuma ya chumvi. Kumuuliza tu ndiko kumekushinda. Hebu jamani!

Pole, mwanangu, kwanza nikupe pole. Mzee aliyekulea akiweka kinywaji chini mbele ya watu, lazima utoke naye. Na mila yenu siichezei. Hata sisi Pwani, mtu tuliyekosana naye kahawa yake haipiti kooni. Kwa hiyo sitakuambia Candida hakukosa. Amewakosea wazee, na lazima awaombe radhi.

Lakini kukosea ni kitu kimoja na ubaya ni kingine. Binti wa dada yangu alipita mafunzo kama hayo. Mpaka leo akiniletea maji anashika bilauri chini kabisa, utadhani inamuunguza. Alikuwa akigusa ukingo wa bilauri ya mgeni, mwalimu anamkemea mbele ya wenzake. Akionja cha mgeni, anatolewa nje. Mwenzako naye amefundishwa hivyo asubuhi na jioni, halafu siku ya posa moyo unamdunda kuliko ninyi nyote mliokaa pale. Mtu akiogopa, mkono unafanya ulichozoeshwa. Alitaka kumpa baba yako mkubwa heshima wanayopewa wakubwa wa nchi za nje, akaisahau ile anayopewa baba nyumbani. Na huo mvinyo unaokuuma, siku ile alikuwa mwanafunzi, hakuwa anamhudumia mtu. Ndiyo maana alionja. Ungemuuliza angekueleza, lakini wewe ulikuwa umesafiri nyuma ya magunia.

Yule Mzee Mansukhlal amenifurahisha. Mzee wa watu kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba yake, kajitia ukorofi ili binti wa mwenzake afaulu mtihani, na wewe mchumba ukaondoka pale na fundo moyoni. Nani hapo alikuwa anamsaidia Candida?

Na ya Mnazi Mmoja yaache hukohuko. Usiuvishe wivu wako shati la siasa. Hoteli ni za taifa sasa, na lazima ziwe na watu wa kuziendesha. Unataka nani akae pale mapokezi? Huyohuyo mkoloni unayesema anarudi?

Umeuliza swali moja tu la maana, la tabasamu, nalo nakujibu. Usilitafute lako kwenye kucheka. Siku Candida akikununia, akakubetulia mdomo, akakwambia Tarsis leo umeniudhi, niondokee, hiyo ndiyo yako peke yako. Mgeni wa hoteli hanuniwi.

Sasa tuje kwenye jambo ulilolipita mbio ukidhani sitaliona. Umeandika, "Yangu nayo sikuigusa." Soma tena maneno yako. Ulikuwa ubavuni pa mzee. Kata yako ilikuwa mbele yako. Mila unaijua. Ungeinyanyua tu ukapiga funda moja, ukasema, "Baba, mwenzangu kajisahau kwa woga, mimi namwonjea," wazee wangecheka na binti angetaniwa mpaka harusini. Hukufanya. Usinisingizie mila, Tarsis, wala chuo, wala baba yako mkubwa na mgongo wake. Uliogopa kufa. Msichana uliyewatoa wazee Moshi kuja kumposa, uliamini anaweza kukuua sebuleni kwa shangazi yake.

Basi fanya hivi. Kesho funga duka mapema, nenda kwa huyo shangazi, muombe Candida msamaha wa kujificha, umweleze kinagaubaga kwa nini mzee aliweka kata chini. Labda hajui hata sasa. Huenda anadhani mlimkataa kwa sura. Habari ya kuacha chuo isikutoke mdomoni. Amalize mtihani wake na aende kwenye kazi yake, na baba yako mkubwa akifoka, wewe ndiye wa kumjibu, kwa adabu lakini umjibu. Akishuka mwisho wa mwezi, Candida amletee mbege, aonje kwanza mbele yake, apige goti aombe radhi. Wazee wenu hawawezi kulishinda goti.

Ila kabla ya siku hiyo nina sharti, na hili usimwambie mtu. Ukiwa pale kesho, mwombe akuletee kata vilevile alivyofundishwa, kwa sinia na kitambaa, na mwambie asionje. Halafu uinywe. Ukiinywa bila kusita, oa, na mimi nitumie kadi. Mkono ukisita hata kidogo, ishushe chini, muage kwa heri, umwache binti wa watu akaendeshe hoteli zake. Maana ukimwoa na moyo huo, mwanangu, hakuna sumu atakayokupa: utakonda mwenyewe kwenye meza yako, kila tonge analokupikia ukilinusa kwanza.