786 kwenye injini ya Mustang

Zeena! Uko wapi? Mbavu sina!

Leo nimempeleka Baba Richmond Hill kukagua ile Mustang ya 1969. Mzungu mwenye gari anaapa kila kitu ni orijino, injini haijawahi kushushwa tangu itoke kiwandani.

Basi Baba, na miaka yake sabini na moja, akajilaza chini ya gari na tochi. Mara namsikia anacheka peke yake huko chini!

Shoga, injini ina 786 imekwaruzwa kwa msumari. SABA NANE SITA! Unamjua Baba, hafungi injini bila kuiandikia namba hiyo, Bismillahi yake ya tarakimu.

Akatoka, uso mafuta matupu. "Hii nimeifunga mimi mwenyewe. 1982, gereji ya Downsview. Ya kwanza iliungua, nikatia hii ya skrapa."

Mzungu akawa mwekundu kama nyanya. Maskini, na yeye aliuziwa hivyohivyo. Akashusha bei bila kuombwa.

Na Baba KAINUNUA! Nikamwambia, Baba, si ulitaka orijino?

Akaniangalia kama nimemtukana.

"Miaka thelathini na mbili bado inanguruma. Unataka orijino ipi tena?"