Sauti ya Nyuma mu Gari ya Ba Ngosa

Kashikishi, upande wa Zambia

Kwa yaya yangu mupendwa Orpha, dada yangu mukubwa, kule Kilwa ya Kongo, ngambo ya ziwa,

Kwa heshima yote nakutangazia wewe, shemeji, batoto na majirani wote wenye masikio, kama siku ya Alhamisi gari ya Ba Ngosa iliacha kugonga nyuma. Nimeona ni vizuri habari hii uipate kwangu, mbele ya batu ba mitumbwi bakuletee yenye imekwisha kuharibika mu njia.

Kisha tangazo, salamu. Mugongo yako inakusumbua bado? Shemeji anakohoa? Na batoto, banasoma, ao banavua samaki saa ya masomo? Mimi niko muzima, Mungu anatulinda, chakula inapatikana, mvua imepunguka. Barua yako ilifika salama, pamoja na picha ya Simone, binti ya Papa Hippolyte. Nimesoma vizuri: Papa Hippolyte anangoja jibu yangu ya ndoa mbele ya Pasaka, na wewe ulikwisha kumuambia kama mudogo yako hawezi kukataa. Jibu iko humu ndani. Lakini vumilia kwanza mambo ya gari, yaya, juu bila gari hautaelewa kitu.

Ba Ngosa, na "Ba" ile ni ya heshima tu, ni mujane. Anauzisha chisense, bale samaki badogo ba kukausha, anabapeleka mpaka soko ya Mwansabombwe mu gari yenye bwana yake, marehemu Davies, alimuachia. Kilio ilipokwisha, alijifunza kuendesha yeye mwenyewe, na tangu pale gari ilianza kugonga nyuma: ko, ko, inanyamaza, halafu tena ko. Levy, yule wa magurudumu, alisema ni shoku, zile za kupunguza mitikisiko. Bakazibadilisha, gari ikagonga na shoku mupya. Bamama ba kanisa nabo bakapima ugonjwa: ni Davies mwenyewe anapiga mulango, anakataza muke wake asiangalie mwanaume mwengine. Ba Ngosa alicheka. Lakini niliona anaanza kuacha gari kwa nyumba na kupandisha magunia mu lori ya batu bengine, na batu bakaanza kuuliza kama gari inauzishwa.

Mimi natengeneza moteri za mitumbwi, unajua, kazi yenye nilijifunza kwa kuangalia mikono ya bengine bila bao kujua. Nilimuambia Ba Ngosa kama sauti ni kama panya: mutu mwenye kusimama inje haikamate. Inaomba mutu mumoja aendeshe, na mwengine alale mu buti, pale nyuma pa mizigo, aisikilize kwake nyumbani. Akanitazama sana, akauliza kama kule Kongo njo banafundisha hivi. Nikasema ndiyo. Tukaondoa jeki, spana, gurudumu ya akiba, na magunia tukayaweka ku kiti ya mbele. Nikaingia. Akafunga.

Yaya, sijui nikuelezee namna gani mule ndani. Giza yenyewe ilikuwa inanuka samaki na petroli, na barabara ilikuwa inapita chini ya mugongo wangu kama maji. Pale kufuli ya zamani ilitoka, kuna kitundu kidogo. Tulipopanda kutoka bandarini, jua iliingia pale na kuchora ziwa juu ya karatasi ngumu ya nyuma ya kiti, kichwa chini. Mitumbwi ilienda tumbo juu, polepole, na bavuvi balikuwa banatupa nyavu mu anga, na hakuna mutu alianguka. Upande wenu ulikuwa uzi mumoja wa buluu. Nilidhani naona moshi ya jiko yako. Labda ilikuwa vumbi.

Safari ya tatu, nilisukuma kifuniko ya buti kwa kiganja. Sauti ikanyamaza. Nikaondoa mukono, ikarudi. Ugonjwa wote ulikuwa pale: mipira midogo yenye kifuniko inalalia imekwisha, na chuma inagonga chuma. Kipande ya mupira wa gurudumu, kisu, basi. Nilipaswa kupiga kelele asimame, nitoke na habari njema.

Lakini ilikuwa ni pale njo Ba Ngosa alianza kusema. Kiti ya nyuma ni nyembamba, neno yote inapita. Kiswahili yake, yaya, ni ile ya kuuziana na batu betu: inajua kilo, inajua "punguza", inajua "kesho utaleta". Kwa maneno ile tu alinielezea maisha yake yote. Davies alikuwa mutu wa uzito kamili, ila bei yake ya mwisho hakuisema hata siku moja. Juu ya nyumba bila mutu, alisema stoki imeisha, lakini ukiamka unafungua duka tu. Nilicheka peke yangu mu giza. Kisha sikucheka. Siku moja nikamuambia tunaweza kuongea hivi hata kwa baraza, tumekaa ku viti kama batu.

"Hapana, Ba Méschac," akasema. "Nikikuona uso, Kiswahili yangu inarudi ku soko."

Basi nikabakia mu buti. Na sasa, yaya, ukae chini. Akisema, nilikuwa nakamata kifuniko, nisikie vizuri. Akiuliza kama ugonjwa umeonekana, nilikuwa naondoa mukono. Ko. Basi, anasema, tutajaribu tena kesho. Gari ile niliipima mpaka bamama ba kanisa bakaanza kuniombea.

Ile Alhamisi, tulikuwa karibu na Mwansabombwe. Nilikuwa nusu ndotoni, naangalia miti inatembea kichwa chini, mukono wangu umeanguka, na gari inagonga inavyotaka. Ba Ngosa alikuwa kimya tangu asubuhi. Halafu nikamusikia, na hakuwa anasema na mimi.

"Davies, kama ni wewe, sasa inatosha."

Mukono wangu haukuniomba ruhusa. Ulipanda wenyewe, ukakamata kifuniko. Kimya. Tukaenda hivyo mpaka soko, mukono umekufa mpaka ku bega, na yeye kule mbele akaanza kuimba kidogo, kwa Kibemba, wimbo yenye sikuijua. Alipofungua buti, uso wake ulikuwa na machozi. Alisema imekwisha. Nikasema ndiyo, imekwisha. Alipokuwa anapima samaki, nikakata mupira, nikaweka pahali pake. Hivyo nimemujibu mujane kwa jina ya marehemu, yaya, na gari inaenda kimya kama mutumbwi bila moteri, na mimi sina tena sababu ya kulala ndani.

Umuambie Papa Hippolyte, kwa heshima, hapana. Simone ni muzuri, na picha yake inarudi pamoja na barua hii, asingoje. Najua uso wako utapata haya mbele yake, na naomba unisamehe. Sitavuka kurudi. Roho yangu iko huku, kwa Ba Ngosa.

Unisalimie shemeji, batoto, na yule mama jirani mwenye kusikiliza ku dirisha barua zangu zikisomwa: shikamoo, mama. Mungu abariki chungu yenu.

Ni mimi mudogo yako,
Méschac

N.B. Ba Ngosa hajui kitu. Sijamuuliza.